Magari ya umeme na zile ndinga za petroli za zamani: kwa barabara zetu za Mwanza, raha ya usukani iko wapi?

Kona_za_Igombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi huu ni wa wanaopenda kuendesha. Wanaotafuta gari la kwendea kazini tu nao karibuni, ila wasishangae tukikaa muda mrefu kwenye kona na gia.

Humu haipiti wiki bila mtu kuweka video ya gari la umeme likiliacha la petroli kwenye barabara iliyonyooka, kisha ubishi unalipuka. Kwangu ubishi huo umekwisha. Kwenye kuondoka, umeme umeshinda. Tesla Model S Plaid ina nguvu za farasi zaidi ya 1,000 na inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde mbili na kidogo. Hakuna gari la zamani la petroli, kama lilivyotoka kiwandani, litakaloisogelea. Na si ajabu ya leo: gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, la Mbelgiji Camille Jenatzy, mwaka 1899.

Ninachotaka tujadili ni usukani. Jumapili asubuhi, barabara imetulia, huna haraka wala abiria. Unatoka Igoma, unapita Kisesa, unaelekea Magu. Au unashika ya Usagara, unavuka Daraja la J.P. Magufuli, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, unaibukia Busisi. Au muda hauruhusu, unazunguka Capri Point tu ziwa likiwa pembeni. Gari gani litakurudisha nyumbani ukiwa umeshiba?

Kwanza tuupe umeme haki yake, maana kwetu una faida ambayo wa Dar hawana habari nayo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda juu ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi. Injini ya petroli isiyo na turbo (ile pampu ya kuisukumia hewa) inavuta hewa ile ile iliyopo, kwa hiyo nguvu zake zinapungua kwa kiasi hicho hicho. Gari lililoandikwa farasi 210 Japani, hapa Mwanza linabaki na kama 185, na fundi wako hana kosa. Mota ya umeme haivuti hewa. Ilivyo bandarini ndivyo ilivyo Bugando.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, tazama mbio za kupanda mlima Pikes Peak, Marekani. Zinaanza mita 2,862 na kuishia mita 4,302, mahali ambapo injini ya kawaida inakaba. Rekodi ya mlima ule inashikwa na gari la umeme, Volkswagen ID.R, aliloendesha Romain Dumas mwaka 2018: dakika 7 sekunde 57. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya dakika 8.

Baada ya haki hiyo, niseme la moyoni. Mimi naendesha Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono, injini 3S-GE, inasukuma kwa nyuma. Shemeji yangu ana BYD Atto 3, ya umeme, na ananiachia funguo bila kinyongo. Ukisoma karatasi, magari haya ni ndugu: Altezza farasi 210, Atto 3 farasi 200 na ushee. Ukiwa barabarani hawajuani kabisa. Ya shemeji ukikanyaga inakwenda hapo hapo, bila kusubiri, bila kelele. Kuipita Fuso yenye mzigo wa pamba ni suala la kuamua tu. Lakini ikifika kona, unasikia mwili mzima wa gari ukitaka kuendelea mbele wakati wewe umeshaamua kukata.

Sababu ni uzito. Atto 3 ina kilo 1,750. Altezza ina kilo 1,350 hivi. Zile kilo 400 za ziada zinabebwa na tairi zile zile nne, kwenye kona ile ile, na breki zinapaswa kuzisimamisha. Betri ikiwekwa chini ya sakafu inashusha kitovu cha uzito, kwa hiyo gari halilali sana kwenye kona. Hilo ni zuri na ni la kweli. Ila kutolala si sawa na kuwa jepesi. Gari zito lililokaa vizuri bado ni zito, na mikono inajua.

Mazda Roadster ya kwanza, ile ya 1989, ilikuwa na kilo chini ya 1,000 na farasi 115 au 120 tu. Kwa hesabu za leo ni gari dhaifu. Lakini aliyewahi kuliendesha anajua kwamba kwa spidi ya 60 lina mambo mengi ya kukuambia: barabara ina mchanga hapa, tairi ya mbele kushoto imeanza kuchoka, ulichelewa kushusha gia. Gari la umeme lenye farasi 400 kwa spidi hiyo limelala usingizi. Ili liamke lazima uende spidi ambayo kwenye barabara ya umma ni kosa na ni hatari, kuna watoto, ng'ombe, baiskeli zenye mkaa. Barabara zetu kila baada ya kijiji kuna kibao cha 50, rasta, matuta na trafiki ameshika tochi. Raha inayopatikana ndani ya spidi halali ndiyo raha ya kweli kwetu, na hapo gari jepesi la gia halijapata mpinzani.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

Mama_Nyakahoja

Asante mkuu kwa uzi wenye heshima. Nakupinga kidogo.

Mimi nina Nissan Leaf, ya mkono wa pili kutoka Japani. Naipenda kuiendesha, na sisemi hivyo kwa kuwa ni nafuu. Umeandika kama vile raha ya usukani ni ya barabara kuu peke yake. Sisi wengine uwanja wetu ni mji huu wenye milima. Kuondoka ukiwa mlimani nyuma yako kuna daladala imekugusa bampa, mbele bajaji imesimama ghafla, kunahitaji ufundi pia. Kwenye Leaf mguu wangu unaamua sentimita. Naachia pedali, gari linajizuia lenyewe na kurudisha chaji kwenye betri. Nakanyaga kidogo, linasogea kidogo. Hakuna klachi inayonuka, hakuna gari kurudi nyuma. Nashuka mlima wa Bugando karibu bila kugusa breki.

Huo nao ni udereva. Unaona mbele mapema, unapanga kasi yako kabla ya kufika, unashindana na nafsi yako kutogusa breki ya mguu kuanzia juu mpaka chini.

Na bei tuiseme, kwa sababu raha usiyoimudu unaipata mara chache. Shilingi 10,000 ya LUKU inakupa uniti 28 za umeme, ukiacha ununuzi unaokatwa kodi ya jengo. Uniti moja inanipeleka kilomita 6 kwa mwendo wa mjini. Pigeni hesabu: zaidi ya kilomita 160. Altezza ya mkuu, kwa petroli inayozunguka elfu tatu lita, elfu kumi hiyo itamfikisha kilomita 30 akienda kwa adabu.

Kijana_Buswelu

Mkuu Kona, vipi kuhusu Hyundai Ioniq 5 N? Nimeona ina gia za kuigiza na sauti. Nasikia waandishi wa magari wa Ulaya wameikubali sana. Si ndiyo jibu la haya yote?

Kona_za_Igombe

Dada Nyakahoja, hoja ya mlimani nimeipokea yote. Kushuka Bugando kwa kurudisha chaji ni ufundi, na nimeufurahia kwenye Atto 3 pia. Hesabu ya LUKU siibishii hata senti.

Kijana, Ioniq 5 N naiheshimu. Waliounda gari lile wanapenda kuendesha, inaonekana. Mota ya umeme haihitaji gia, lakini wao wameandika programu inayokata nguvu kwa nukta ya sekunde ukivuta kipini cha gia, gari linastuka kama limebadili gia kweli, na ukisahau kubadili linafika ukomo na kugoma. Wengine wanasema huo ni uongo. Mimi sisemi hivyo. Gia inampa dereva kipimo: kwa kusikia tu unajua uko kasi gani bila kutazama dashibodi, na unajua kiasi cha nguvu kilichobaki chini ya mguu. Waliliona pengo hilo wakalijaza kwa njia waliyokuwa nayo.

Tatizo langu liko pale pale. Gari lile lina kilo 2,200 hivi. Huo ni uzito wa Altezza na nusu yake nyingine juu. Kwa spidi ile ile, breki zake zina kazi mara moja na nusu na zaidi ya breki zangu, ndiyo maana zimejengwa kubwa namna ile. Kwenye uwanja wa mbio wenye lami safi utafurahi. Kwenye barabara yenye viraka, shokapu zinazobeba tani mbili lazima ziwe ngumu, na ugumu huo unaishia mgongoni kwako.

Kwa nini uzito wote huo? Lita 50 za petroli zina kilo 37 hivi, na ndani yake kuna nishati ya zaidi ya uniti 440. Injini inaipoteza robo tatu kama joto, bado inabaki uniti 100 na kitu za kusukuma gari. Betri ya Ioniq 5 N ni uniti 84, na uzito wake unahesabiwa kwa mamia ya kilo. Lotus Elise ya kwanza, mwaka 1996, ilikuwa na kilo 725 tu. Tesla walipotengeneza Roadster yao ya 2008 waliazima msingi wa Elise ya toleo la baadaye, wakaweka betri ya kilo 450, likatoka gari la kilo 1,300 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti ni betri.

Kwa hiyo sina ugomvi na umeme. Ugomvi wangu ni na kilo.

Fundi_Mabatini

Habari zenu wanangu. Mimi ni fundi wa siku nyingi, nasoma humu zaidi ya kuandika, lakini hapa nimeguswa.

Ninyi mnaongea habari za magari ya mchezo, mimi nimekua na Safari Rally. Ilianza 1953, na miaka ile ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 1600 SSS ilishinda 1970, kisha 240Z ikashinda 1971 na tena 1973, ile ya pili akiendesha Shekhar Mehta. Peugeot 504 ikachukua 1975. Mnajua kwa nini 504 zilijaa Kanda ya Ziwa mpaka juzi? Watu waliona gari limepita matope na mawe na limerudi. Toyota Celica walishinda 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Ushindi ule ndio uliwauzia watu magari huku kwetu, kabla hamjazaliwa wengi wenu.

Magari yale mtu aliyajua kwa mikono. Kabureta ikijaa uchafu uliifungua kandokando ya barabara, ukapuliza jeti, ukafunga, ukaenda. Plagi ilikuambia kwa rangi yake kama mchanganyiko ni mzito au mwepesi. Dereva na fundi walikuwa karibu mtu mmoja. Mwanangu Kona amesema gari linazungumza, na mimi naongeza: la zamani linazungumza hata likiwa limezimwa, ukifungua boneti.

Ya umeme yakiletwa gerejini kwangu nayapokea kwa breki, miguu na bodi. Nyaya za rangi ya chungwa sizigusi, na vijana wangu nimewakataza. Mle kuna volti 400, hazikupi nafasi ya kujifunza mara ya pili. Sisemi kwamba ni mabaya. Nasema vijana wapelekwe wakasome, VETA ipo, kabla magari hayajajaa mjini. Nimeona gari la umeme limefunguliwa na mtu asiyejua, betri ikavuja maji ya kupozea, mwenye gari akaishia kuliegesha tu.

Mama_Nyakahoja

Shikamoo mzee. Hilo la mafunzo umesema kweli, na mimi ndilo linaloninyima usingizi kuliko chaji.

Na kwa kuwa nimeutetea umeme, niseme na upande wake wa pili. Kwenda Musoma na kurudi ni zaidi ya kilomita 400. Leaf yangu ya betri ya uniti 24 hata Bunda haifiki bila kusimama, na soketi ya kawaida ya nyumbani ukiichaji kwa ampea 10 inachukua usiku mzima. Umeme ukikatika usiku huo, asubuhi unapanda daladala. Pia zile Leaf za kwanza betri yake haina maji ya kupoza, inategemea hewa tu, ukiikimbiza barabara kuu mchana wa jua kipimo cha joto kinapanda. Kwa hiyo kwa safari ya Jumapili ya kina Kona, si gari lake.

Kijana_Buswelu

Shikamoo mzee fundi.

Sasa wakubwa zangu, nina akiba, nataka gari la kwanza, na napenda kuendesha kweli. Ninunue Altezza nikimbizane na petroli, au Leaf nikae mjini?

Kona_za_Igombe

Marahaba ya mzee atajibu mwenyewe. Mimi nikujibu la gari.

Kama ni gari moja tu, na unakwenda kazini kila siku kutoka Buswelu, chukua Leaf ila kwa macho yaliyo wazi. Tazama vile vistari 12 vya uwezo wa betri pembeni ya geji ya chaji. Kistari cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Usiridhike na vistari peke yake, wapo wanaovirudisha kwa ujanja. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari), tumia programu ya LeafSpy, soma afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, achana nalo hata kama rangi imekuvutia.

Kama ni Altezza, zingatia neno RS200 na gia sita za mkono. Zipo nyingi za AS200, injini ya silinda sita ya farasi 160. Ni gari zuri la kutembelea lakini si hilo unalolitafuta. Kagua kutu chini, sikiliza difu (gia za ekseli ya nyuma) ukiachia mafuta, na uangalie kama injini ni ile iliyozaliwa nayo. Ukiagiza mwenyewe, pitia kwanza kikokotoo cha TRA kwenye mtandao, maana gari la umri huo linabeba ushuru wa uchakavu, na unaweza kukuta kodi imeizidi bei ya gari. Lililopo nchini tayari mara nyingi ni nafuu, ila limepita mikono mingi.

Na kuna njia ya tatu, ninayoiwaza tangu dada aliposema betri ya uniti 24. Kwa safari ndefu ni ndogo. Kwa mtu wa kuzunguka Igombe na Capri Point inatosha kabisa. Mota ya Leaf ya kwanza ina kilowati 80 na inavuta nyutoni-mita 280 tangu sifuri. Itolewe kwenye gari la kilo 1,500 iwekwe kwenye bodi la zamani lililo jepesi, tupate umeme bila kilo. Ulaya na Marekani wanafanya hivyo, na mota ya Leaf ni moja ya zinazopendwa kwa kazi hiyo. Mzee fundi, nakosea wapi?

Fundi_Mabatini

Marahaba wanangu.

Kona, hukosei, ila hujamaliza hesabu. Uani kwangu kuna Corolla KE70, bodi zima, injini ilishakufa. Gari lile lina kilo 900 hivi likiwa kamili. Ukitoa injini, giaboksi, tangi na ekzosi umetoa kama 200. Betri ya Leaf peke yake ni karibu 300, na mota na vidude vyake ni 100 na zaidi. Unarudi kwenye kilo 1,100. Bado ni jepesi kuliko Altezza yako, sawa. Lakini uzito unakaa wapi? Ukiujaza wote kwenye buti, mbele kutaelea na usukani utakufa, na hapo umeua kile ulichokuwa unakitafuta. Betri lazima ivunjwe mafungu, moja mbele palipokuwa na injini, jingine palipokuwa na tangi. Springi mpya nyuma. Breki za ngoma za nyuma hazitatosha, weka diski. Difu ya KE70 haikutengenezwa kwa mvuto wa 280 tangu sifuri, itameguka meno wiki ya kwanza ukiwa na mguu mzito.

Na kadi ya gari imeandikwa petroli na namba ya injini. Mabadiliko yote lazima yakaguliwe na kuandikishwa, usije ukakamatwa Kisesa unajieleza.

Kazi ya chuma naiweza. Kazi ya volti siiwezi.

Mama_Nyakahoja

Mzee, ya volti ninaye mtu. Mdogo wangu amesomea umeme, sasa anafanya kazi na pikipiki za umeme, na amepata mafunzo ya betri za volti kubwa. Nitamleta Mabatini Jumamosi aone bodi. Hatafungua kitu mpaka glavu na vipimo vyake vimekamilika, ndivyo alivyo.

Kona_za_Igombe

Basi tunaanza. Difu nitaishughulikia mimi, kuna ya Hilux ya zamani nimeiona Igoma, tutaipima upana kama inakaa. Programu tutaiwekea ukomo wa mvuto wa kuondokea, iongezeke polepole mpaka tujue chuma kinahimili nini. Kijana, njoo ushike spana, utajifunza mengi kuliko humu.

Kinachokosekana ni Leaf yenyewe. Mwenye iliyogongwa nyuma au ubavuni, mota nzima, betri isiyopungua vistari 9, sakafu haijapondwa, awe Mwanza, Shinyanga au Musoma, anitumie ujumbe wa faragha na picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Gharama ya kuibeba ni yetu.